Milioni ya PDM: tukodi ekari mbili zaidi, au tukaushe mahindi tuliyo nayo?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watano, nakaa nje kidogo ya Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Tunalima mahindi ekari tatu, misimu yote miwili. Mbegu ni Longe 5, tunajichagulia wenyewe kutoka kwenye mavuno. Tunapata kama gunia kumi za kilo mia kwa ekari. Mwezi wa nane tunauza karibu yote kwa wenye malori, kwa sababu ada ya shule inadaiwa na mahindi yanaanza kuota kuvu ndani ya nyumba. Ikifika mwezi wa tano tunarudi dukani kununua posho, yaani unga wa mahindi wa ugali, kwa bei ya juu. Sasa nimepitishwa kupata shilingi milioni moja ya PDM, ule mkopo wa serikali unaopitia parishi. Mume wangu anataka tukodi ekari mbili zaidi na kununua mbegu chotara na mbolea. Mimi naona shida yetu iko baada ya kuvuna. Nani kati yetu anaona sawa?"

Jibu:

Dada, asante kwa kueleza kila kitu wazi, hata kilo za gunia. Nianze na jibu lenyewe. Kwa misimu miwili ijayo, sehemu kubwa ya milioni hiyo iende kwenye kukausha na kuhifadhi. Kiasi kinachobaki kiingie kwenye ekari moja ya mbegu chotara na mbolea, ndani ya zile tatu mlizo nazo. Ekari mbili za kukodi zisubiri. Mume wako hajakosea kutaka mavuno makubwa, na nitamrudia hapo chini. Ila hesabu ya kukodi inakataa, na ni vizuri muipige pamoja kabla pesa hazijaingia.

Bei nitakazotumia ni za mfano, wekeni za kwenu. Kukodi shamba, kulima mara mbili, mbegu, palizi mbili, kuvuna, kupukuchua na kubeba: tukisema shilingi 500,000 kwa ekari, na hapo mbolea bado haijafika kipimo chake, ekari mbili zimemeza milioni yote. Mkivuna gunia kumi kwa ekari kama mlivyozoea, mna kilo 2,000. Kwa shilingi 600 ya mwezi wa nane ni 1,200,000. Imebaki 200,000. Gunia tatu zikiota kuvu au zikiliwa na fukusi, ambayo kwa maelezo yako si ajabu, 180,000 nyingine imeondoka. Riba ya PDM ni asilimia 6 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa milioni. Msimu mzima mmeshinda shambani na mmetoka na deni.

Halafu kuna mikono. Mahindi hayavumilii magugu katika wiki za mwanzo: palizi ya kwanza inatakiwa wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, na ikichelewa mmea hauwezi tena kulipia kilichopotea. Leo mnapalilia ekari tatu kwa watu mlio nao. Zikiwa tano, palizi itachelewa kwenye zote tano, na zile tatu ambazo zingewapa gunia thelathini zitashuka. Nimeona familia nyingi za huku kwenu Bunyoro zikiongeza shamba na kupunguza mavuno kwa njia hii hii, na kila mara lawama inatupiwa mvua.

Sasa tuje kwenye mahindi yenyewe. Kwenu msimu wa kwanza unapandwa mwezi wa tatu na kuvunwa kati ya mwezi wa saba na wa nane, wakati mvua za msimu wa pili zinagonga mlango. Jua ni la vipande. Msimu wa pili unavunwa mwezi wa kumi na mbili hadi wa kwanza, katika kiangazi, jua likiwa kali na upepo mkavu. Hayo ni mavuno mawili tofauti kabisa na msiyatendee sawa. Mavuno ya mwezi wa nane ni magumu kukausha, tena yana miezi minne tu kabla mavuno mapya hayajaingia sokoni na kuisukuma bei chini. Mavuno ya kiangazi yanakauka vizuri, na mbele yake kuna miezi mitano bila mavuno mengine yoyote. Ndiyo maana posho ya mwezi wa tano ni ghali. Kwa hiyo mahindi ya kungojea bei ni yale ya kiangazi. Ya mwezi wa nane yakausheni, wekeni chakula chenu, mengine uzeni, lakini uzeni makavu.

Kuuza makavu kuna hesabu yake, na wengi hatuwaambii wakulima. Ukichukua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 ukazikausha hadi 13.5, mizani itasoma kilo 92 na nusu. Kwa hiyo mwenye lori akinunua mabichi kwa 500, makavu yasipofika walau 541 hujapata faida ya jasho lako. Muulize kabla: "Makavu ya 13.5 unachukua kwa ngapi?" Akisema bei ni ile ile, huyo siye wa kumuuzia makavu. Wapo wanaolipa tofauti: wenye vinu vinavyouza unga wenye alama ya ubora, na wanunuzi wenye kipima unyevu mkononi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na anayesafirisha kuvuka mpaka analazimika kukifuata.

Kukausha kunaanzia shambani. Chukua hindi moja, ng'oa punje katikati ya gunzi, tazama pale ilipokuwa imeshikilia. Ukiona alama nyeusi, punje imekomaa na haiongezi tena uzito. Kuanzia siku hiyo kila wiki yanayokaa shambani ni ya hasara: mvua inaingia kwenye ncha, fukusi wanaruka kutoka ghala la jirani na kutaga mayai, ndege wanafungua maganda. Vuneni, menyeni maganda hapo hapo, na msiyarundike kwenye udongo hata usiku mmoja. Kuvu wanaotoa sumu wanaishi kwenye udongo. Mahindi yakiwa bado kwenye magunzi yawekwe kwenye kichanja cha fito kilichoinuliwa hadi usawa wa goti au zaidi, chembamba ili upepo upite kati, kikiwa na paa la nyasi au bati. Kichanja hiki ndicho kitakachowaokoa mwezi wa nane, kwa sababu kinakausha hata siku ambazo jua halionekani. Gharama yake ni fito, misumari na siku mbili za kazi.

Kupukuchua kwa kujaza gunia na kulipiga fimbo muache. Punje zinapasuka, na kila ufa ni mlango wa kuvu na wa mdudu. Mashine ya kukodi inayozunguka vijijini ni nzuri ikiwa magunzi yameshakauka kiasi. Yakiwa mabichi nayo itatoa chenga. Baada ya hapo turubai. Tandaza punje kwa unene usiozidi vidole viwili, geuza kila baada ya saa moja hivi, funika mvua ikija, na ingiza ndani kabla ya jioni kwa sababu umande unarudisha kile ulichotoa mchana. Usifungie kwenye gunia yakiwa na joto la jua. Yaache yapoe kwanza.

Utajuaje yamekauka? Kung'ata kunadanganya, na meno ya kila mtu yana maoni yake. Tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu ya kawaida, ongeza punje hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Chumvi ikikaa chini ikiwa huru, umefika chini ya 15, na siku moja au mbili zaidi za jua kali zitakusogeza hadi 13. Kwa mahindi yanayokwenda kwenye mfuko uliofungwa, siku hizo mbili ni lazima.

Mfuko ninaousema ni ule wa tabaka tatu, unaojulikana kama mfuko wa PICS, au mingine inayofanya kazi kwa njia hiyo. Ndani kuna mifuko miwili ya plastiki nzito, nje gunia la kawaida. Unajaza, unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake. Wadudu walioingia na punje wanamaliza hewa iliyomo na kufa. Huhitaji dawa ya unga wala vidonge. Juu ya vidonge vya kufukizia nakuomba kitu kimoja: visiingie katika nyumba mnayolala na watoto. Gesi yake inaua watu. Kabla ya kujaza, puliza hewa kwenye kila plastiki na usikilize kama kuna tundu. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na panya. Mfuko uliotunzwa unarudiwa misimu miwili hadi mitatu. Kumbuka tu kwamba mfuko haukaushi chochote. Ukifungia mahindi yenye unyevu, utakuta yameoza ukiufungua.

Uliandika kwamba mahindi yanaota kuvu ndani ya nyumba. Hapo niruhusu nizungumze kama mtu mwenye watoto na si mtaalamu tu, kwa sababu hofu yangu kubwa katika barua yako iko kwenye mstari huo. Sumukuvu haionekani, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Kuchemsha posho kwa muda wa saa mbili hakuiondoi, na kutengenezea pombe vilevile. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Hayo yalikuwa mahindi ya majumbani mwao, yaliyohifadhiwa na unyevu. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kimya: ini linaharibika polepole miaka mingi, na kwa mwenye homa ya ini ya B hatari ya saratani ya ini inakuwa kubwa mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo punje zenye rangi ya kijani, nyeusi au njano isiyo ya kawaida, zilizokunjamana na zilizovunjika, zichambuliwe na kutupwa. Msiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu inapita hadi kwenye maziwa. Kuchambua kwa mkono kunapunguza sehemu kubwa ya sumu, na watoto wakubwa wanaweza kusaidia jioni.

Soko nalo limeshaonyesha msimamo wake. Mwezi wa tatu 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti ya cheti na kiwango kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 malori ya mahindi na unga kutoka kwetu yakakamatwa Sudan Kusini kwa sababu hiyo hiyo. Nyinyi mko kwenye barabara ile ile inayokwenda Karuma, Gulu na Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Mpaka ukifungwa juu, mwenye lori anashusha bei Bweyale siku hiyo hiyo, na anayeumia kwanza ni mwenye mahindi mabichi.

Turudi kwenye fedha. Tuseme kiangazi mmevuna gunia thelathini. Watu saba wakila kilo mbili na nusu za mahindi kwa siku, mnahitaji kilo 75 kwa mwezi. Kutoka mwezi wa kwanza hadi mavuno ya mwezi wa saba ni miezi sita na ushee, wekeni gunia tano. Hizo zitiwe alama na zisihesabiwe tena kama za kuuza, hata mgeni akija na noti mkononi. Zimebaki ishirini na tano. Muhula wa kwanza unaanza mwezi wa pili, kwa hiyo mwezi wa kwanza uzeni kumi kwa ajili ya ada. Kumi na tano fungeni kwenye mifuko hadi mwisho wa mwezi wa nne au wa tano, wakati ada ya muhula wa pili nayo inakaribia. Bei ikitoka 600 hadi 900, kilo 1,500 zimewaongezea 450,000. Toa mifuko kumi na tano, hata kwa 10,000 kila mmoja ni 150,000, imebaki 300,000, na mifuko bado mnayo. Hakuna ekari iliyokodiwa wala palizi iliyoongezwa. Kubwa kuliko yote, posho ya mwezi wa tano imo ndani ya nyumba.

Bei haipandi kila mwaka, na anayekuahidi hivyo usimwamini. Mavuno ya mwisho wa 2017 yalikuwa mengi mno, na 2018 sehemu nyingi za nchi bei shambani ilianguka hadi shilingi mia mbili na kitu kwa kilo; waliongoja walipata chini ya waliouza mapema. Mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi wa tatu, na shule ndizo wanunuzi wakubwa wa posho, basi soko likalegea ghafla. Ndiyo maana nimegawa mara mbili. Uzeni ya ada mapema, mengine yangoje, na mwezi wa tatu ukifika tazameni: ikiwa maghala ya Masindi na Kigumba yamejaa na lori hazigombei mahindi, punguzeni kwa kuuza gunia tano. Msingoje bei ya ndoto. Ikifika ile mliyokubaliana, uzeni.

Mkiwa katika kikundi cha PDM tayari, mna silaha moja zaidi. Nguzo ya kwanza ya mpango huo, tangu ulipozinduliwa Kibuku mwezi wa pili 2022, inataja uzalishaji, uhifadhi, usindikaji na masoko kwa pamoja, kwa hiyo turubai na mifuko vina nafasi yake. Andikeni mradi wenu kama mahindi, pamoja na ukaushaji na uhifadhi, na mzungumze na chifu wa parishi kabla fedha hazijatoka ili asiwakwamishe baadaye. Wanakikundi kumi wakikusanya mahindi makavu mahali pamoja, lori linajaa kwenye kituo kimoja, na mnaweza kudai bei ya tani badala ya bei ya gunia. Nunueni mizani ya kikundi. Mnunuzi anayekuja na mizani yake akikuta yenu imening'inia, mazungumzo yanabadilika.

Sasa ekari moja ya mume wako. Anayo hoja: Longe 5, ambayo wengi mnaiita Nalongo, si chotara, na kuirudia msimu mmoja au miwili inakubalika. Lakini ikirudiwa miaka na kupandwa karibu na mashamba ya jirani inachanganyika na kudhoofika. Chagueni ekari iliyo na udongo bora, pandeni chotara iliyotolewa na NARO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kutoka duka lenye kibali, na msiirudie mbegu yake msimu unaofuata. Dai risiti, tunza kifuko na kipande cha lebo. Utafiti uliochapishwa 2017 kwa sampuli za maduka ya Uganda ulikuta mbegu nyingi za chotara hazikuwa halisi na mbolea ya yurea ikiwa na upungufu wa naitrojeni. Utafiti wa baadaye nchini Tanzania ulikuta yurea iko sawa, ila mbegu mimi bado nazitilia shaka kuliko mbolea. Wekeni mbolea ya DAP wakati wa kupanda, yurea mmea ukifika magotini na udongo ukiwa na unyevu, ifukieni. Pandeni kwa mistari, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja moja. Viwavijeshi vamizi walithibitishwa nchini 2017 na bado wapo, kwa hiyo piteni shambani mara mbili kwa wiki katika mwezi wa kwanza na mtazame kwenye moyo wa mmea. Ekari hiyo moja ikitoa gunia kumi na tano au zaidi, atakuwa na ushahidi wake mwenyewe kwa msimu wa tatu. Ekari nyingine moja muibadilishie maharage au soya msimu mmoja, udongo upumzike na mahindi.

Turubai mbili nzuri, kichanja, mifuko ishirini, kukodi mashine, na pembejeo za ekari moja vinaingia ndani ya milioni. Kitakachobaki kiwekeni SACCO, msikitembeze nyumbani.

Kabla ya kuvuna, kaeni wawili, na watoto wakubwa wawepo, mkubaliane kwa idadi: gunia za chakula ngapi, za ada ngapi, za kungoja ngapi, na bei ambayo ikifika za kungoja zinauzwa. Andikeni kwenye daftari la shule. Ongezeni mstari mmoja wa gunia mbili za kurudisha mkopo, zifungwe na kuandikwa PDM kwa kalamu nzito, ili siku ya kulipa isiwakute mnakopa kwa mwenye lori.